Mkwe wa Mzee Athol

Janelle alipomwacha Troy, sisi wa huku ziwani tulijua Troy hatutamwona tena. Kibanda cha kuvulia kilikuwa cha baba yake Janelle, boti ilikuwa ya baba yake Janelle, na mwanamume akishaachwa na binti, kwa mzee anabaki na lipi la kutafuta? Lakini mwaka uliofuata, baridi ilipoanza kushuka, nikaona pikapu mbili mbele ya kibanda hicho, jirani na kwangu. Moja ya mzee Athol Beswick, nyekundu iliyopauka, na nyuma yake ya Troy Direen. Wenyewe walikuwa nje wanapasua kuni, kama vile hakuna kilichotokea duniani.

Nilimwuliza Athol siku ileile, kupitia uzio.

"Huyu umemrudisha?"

"Nani?"

"Usijifanye kiziwi, Athol. Mkwe wako."

"Si mkwe wangu tena, Glenys, hujasikia? Ni mtu anayejua kukaa kwenye boti bila kupiga domo. Hebu nitajie mwingine wa hivyo Tasmania nzima."

"Na Janelle anasemaje?"

Akaliinua shoka, akaliteremsha, gogo likapasuka vipande viwili. "Janelle anasema mengi," akajibu.

Mimi na kaka yangu Rex ndio peke yetu tunaoishi huku juu mwaka mzima. Wengine huja na msimu. Wakati wa joto ziwa hujaa watu wa Hobart na boti zao mpya na muziki wao, lakini kufikia mwezi wa nne wanakuwa wameshakimbia wote. Asubuhi matope ya ufukweni yanashika barafu nyembamba kama kioo, na ukitoka nje kuchukua kuni masikio yanauma. Hapo ndipo samaki wa maana wanapokuja. Trauti wakubwa hujikusanya pale kijito kinapoingia ziwani, wakingoja mvua ilete maji ya kutosha wapande kwenda kutaga. Madume taya zinakuwa zimejikunja, wana hasira, wanauma chochote kinachopita mbele yao. Athol alikuwa akisema samaki wa kiangazi ni wa watoto. Yeye alingoja hao.

Troy nilimfahamu tangu siku ya harusi yake. Mkata manyoya ya kondoo, mkimya, mikono kama majembe. Tatizo lake lilikuwa chupa. Siku moja alipindua gari amelewa, Janelle akiwa ndani, wakitoka kwenye sherehe, na mfupa wa bega la Janelle ukavunjika. Janelle akakaa mpaka mfupa ukaunga, halafu akafungasha. Troy aliacha pombe baada ya hapo, na hajaigusa tena. Aliacha baada ya kuachwa, sasa hilo lingemsaidia nini?

Janelle alipojua kwamba baba yake anavua na Troy, alipanda huku juu kutoka Devonport na kupayuka mpaka nikamsikia ndani kwangu, madirisha yamefungwa.

"Kila ukimpa kiti kwenye boti ile, unaniambia mimi nilikosea kuondoka!"

"Sikuambii chochote, mwanangu. Navua samaki."

"Kavue na mtu mwingine!"

"Wengine wamekufa," Athol akasema. Na ilikuwa kweli. Wenzake wote aliokuwa akivua nao tumeshawazika.

Baada ya siku hiyo Janelle alikaa muda mrefu hapigi simu. Mzee hakuwahi kulisema hilo, lakini alianza kuja kwangu kunywa chai hata siku ambazo hakuwa na cha kuniambia.

Ikaja wiki ya mwisho kabla ya msimu wa kuvua kufungwa. Siku yenyewe ilianza vizuri kupita kiasi: umande ulioganda, jua kali, ziwa limelala kama sahani. Kufikia saa za chakula cha mchana joto likapanda mpaka nikavua sweta, na upepo ukaanza kuvuma kutoka kaskazini, laini, vuguvugu. Rex alisimama mlangoni akiangalia milima ya magharibi.

"Hewa hii siipendi," akasema.

Athol na Troy walikuwa wanasukuma boti majini. Ilikuwa boti ya aluminiamu, fupi, ya zamani, na mashine ndogo nyuma. Troy alikuwa amevaa jaketi lake la kuokolea maisha, la rangi ya machungwa. La Athol lilikuwa palepale lilipokuwa siku zote, chini ya makalio yake.

"Vaa hilo, Athol!" nikampigia kelele. "Sheria hiyo!"

"Sheria haijui hili benchi lilivyo gumu!"

Troy akaniangalia na kuinua mabega, kama kusema, wewe ukimweza nifundishe. Wakaondoka. Huo ndio ulikuwa mwisho wa mimi kumwona Athol akiwa mzima.

Yaliyotokea majini aliniambia Troy mwenyewe, jioni ileile, amekaa mbele ya jiko langu, amefunikwa mablanketi yote tuliyo nayo, polisi wakiwa bado njiani wanapanda mlima. Alisema maneno machache machache, meno yakigongana, nami sikumkatisha.

Walipata samaki wawili karibu na mdomo wa kijito, wakubwa, na mzee alikuwa na furaha, anaimba ovyo. Mara ule upepo wa kaskazini ukakatika. Kimya. Troy akatazama magharibi, akaona ukingo wa milima haupo tena, umemezwa na wingu jeusi.

"Mzee, tuondoke."

"Tuende wapi? Wamejaa hapa chini kama kondoo zizini."

"Upepo unageuka."

"Na ugeuke. Mzunguko mmoja tu."

"Mzee."

"Kama unaogopa nitakushusha ukanywe chai kwa Glenys. Atakupa na keki."

Troy akacheka. Akaigeuza boti kwa mzunguko mmoja zaidi.

Hawakuufikisha hata nusu. Upepo wa kusini-magharibi ulifika na mvua ya mawe, ghafla, kama mtu amefungua mlango kwa teke. Maji yakawa meupe. Troy akajaribu kuielekeza boti ufukweni, wimbi likaingia kwa nyuma, mashine ikakohoa na kuzima. Bila mashine boti ikajigeuza ubavu. Wimbi la pili likaijaza, ikapinduka. Hakuna aliyepiga kelele, alisema. Hapakuwa na nafasi.

Maji ya ziwa letu wakati huo hayakupi baridi tu, yanakukaba. Unafungua mdomo na pumzi haiji. Troy alipopata pumzi alimwona mzee upande wa pili wa boti, anang'ang'ania ubavu uliopinduka, kofia imeondoka, mvi zimemganda usoni. Lile jaketi alilokuwa amelikalia lilikuwa linarukaruka juu ya mawimbi, limeshakwenda mbali. Troy akazunguka boti mpaka alipo mzee, akaanza kuhangaika kufungua kamba za jaketi lake ampe. Vidole vilikuwa vimekufa. Havikutii.

"Unafanya nini, mjinga wewe?" Athol akamwambia.

"Chukua hili."

"Acha upumbavu. Ukilivua hilo tutakufa wote wawili, na nani atamwambia Janelle?"

Ufukwe walikuwa wanauona. Waliiona mpaka miti iliyokauka wanayofungia boti. Lakini upepo ulikuwa unawasukuma kinyume, katikati ya ziwa, na mzee alikuwa amevaa ile suruali ya mpira inayofika kifuani, imejaa maji, inamvuta. Troy akaipapasa kamba ya nanga, akaipitisha chini ya makwapa ya mzee, akaifunga kwenye mashine iliyokuwa imepinduka juu chini pamoja na boti. Aliifunga kwa meno, kwa kuwa vidole havikuwa na kazi tena. Halafu akamshika kola na kumwegemeza kifuani kwake.

"Akawa anatetemeka sana," Troy aliniambia. "Halafu akaacha kutetemeka."

Akayavuta mablanketi mpaka kidevuni.

"Halafu akafa," akasema.

Nilijua kwamba kati ya maneno hayo mawili ameruka kitu. Sikumwuliza.

Sisi tuliwakuta kabla ya jua kuzama. Mvua ya mawe ilipopita, milima ya magharibi ilikuwa imekuwa myeupe kabisa, na nikatazama bomba la moshi la kibanda cha Athol. Hakuna moshi. Athol hakuwa mtu wa kuchelewa kuwasha moto. Nikamwita Rex, akatoka na darubini, akapekua maji polepole kutoka kushoto kwenda kulia, akasimamisha mkono.

"Kuna gogo," akasema. Kisha: "Gogo gani lina rangi ya machungwa?"

Tulisukuma boti yetu bila kusemezana. Mawimbi yalikuwa bado makubwa, na Rex, ambaye ana miaka sabini na goti bovu, aliishika mashine kwa mikono miwili na kutukana njia nzima. Tulipofika, Troy alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi lakini hakutuona. Kichwa cha Athol kilikuwa kimelala begani kwake, na mkono wa Troy ulikuwa umefungika kwenye kola ya mzee, Rex akashindwa kuufungua.

"Mwachie, Troy," Rex akasema. "Tumemshika sisi sasa."

"Mmemshika kweli?"

"Tumemshika, mwanangu."

Ikabidi Rex afungue kidole kimoja kimoja.

Basi, pale mbele ya jiko, baada ya kuniambia hayo, Troy akanigeukia.

"Glenys, Janelle atauliza nani alitaka kuendelea kuvua. Usimwambie ni yeye."

"Lakini ni yeye, Troy."

"Ni yeye. Lakini ana baba mmoja tu, na walikuwa hawaongei. Asije akaanza kumkasirikia sasa, akiwa hawezi hata kumjibu."

Taa za gari la polisi zikaonekana kwenye kona ya barabara. Nikamwambia sawa.

Polisi walimpima pombe, hawakukuta hata harufu. Hilo halikumsaidia. Kule chini Bothwell, kaunta ya baa ina mahakama yake, na watu walisema mlevi ni mlevi tu, kipimo hakijui kila kitu. Maneno hayo yakamfikia Janelle kule Devonport, wala hayakuchukua muda.

Siku ya mazishi palikuwa na jua lisilo na joto. Troy alikuja amevaa suti, ileile ya harusi yake, ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Getini mwa kanisa akakutana na mwanamume anayeishi na Janelle siku hizi. Si mtu mbaya, yule. Alizungumza kwa sauti ya chini, kichwa ameinamisha.

"Samahani, bwana. Amesema usiingie."

"Sawa," Troy akasema.

"Samahani sana."

"Usijali. Kaa naye."

Akavuka barabara, akasimama kando ya uzio wa malisho, na hapo ndipo alipokaa ibada nzima, kofia mkononi, kondoo wa watu wakimtumbulia macho. Watu sita walibeba jeneza, na wawili kati yao Athol alikuwa hawezi kuwavumilia hata dakika kumi. Nilipotoka nilimpelekea kipande cha mkate wenye nyama. Alikipokea kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia, uliokuwa umeshika kola, ulikuwa haukunjiki vizuri. Daktari alimwambia mishipa ya fahamu imeumia, labda itarudi, labda hapana. Mkata manyoya ya kondoo asiyeweza kushika mkasi wa mashine!

"Watu walikuwa wengi?" akaniuliza.

"Kanisa lilijaa."

"Angechukia," akasema. Akatabasamu kidogo, mara uso ukamkunjamana, akaugeuzia kwa kondoo.

Mwezi wa saba Janelle alipanda kuja kufunga kibanda. Barabara ilikuwa na theluji pembeni. Nilimsaidia kukunja nguo za mzee, soksi za sufu, mashati yaliyotoboka viwiko. Hakulia. Alifanya kazi haraka, kama mtu anayekimbizwa. Alipotoka kumwaga majivu ndipo akaiona boti. Rex alikuwa ameivuta mpaka ufukweni kwetu na kuifunika turubai, lakini upepo ulikuwa umelifunua.

"Siwezi kuiangalia ile," akasema. "Mpigie aje aiondoe."

"Nani?"

"Unajua nani, Glenys."

Troy alikuja kesho yake na trela. Aliposhuka kwenye gari walisimama mbali mbali, theluji katikati yao, nami nikawa pale na ndoo ya majivu, sijui niondoke au nibaki. Nilipogeuka kuondoka Janelle akasema, "Baki." Nikabaki.

"Nani aliamua kuendelea kuvua?" akamwuliza Troy.

"Tuliamua wote."

"Usinidanganye. Namjua baba. Maisha yake yote hajawahi kurudi ufukweni eti kwa sababu mtu kamwambia. Mama alikuwa anamlilia, harudi. Mimi nilikuwa mtoto, midomo imekuwa ya bluu kwa baridi, harudi. Ni yeye, sivyo?"

Troy alikuwa anaikunja na kuikunjua ile mikono yake, mmoja unakunjika, mwingine hapana.

"Ni yeye," Janelle akajijibu. "Lakini mashine ulishika wewe. Ungeweza kugeuza. Angekutukana mpaka ufukweni, na angekuwa hai."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukugeuza?"

Troy akautazama mkono wake wa kulia.

"Kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa bado ananitaka," akasema. "Nilifanya lolote aliloniambia."

Janelle akaangalia pembeni. Upepo ulikuwa unapiga turubai, pa, pa, pa. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ndogo.

"Aliumia?"

"Mwanzoni. Baadaye hapana. Akaniambia anasikia joto. Halafu akanichanganya na wewe."

"Nini?"

"Aliniita Janelle. Akaniambia, Janelle, funga geti, kondoo watatoka. Akarudia, akarudia. Akawa ana wasiwasi kweli. Nilimwambia mimi Troy, hakusikia. Basi nikamwambia, nimefunga, baba. Akauliza, umefunga na mnyororo? Nikamwambia, nimefunga na mnyororo. Akasema, msichana mzuri. Hakusema kingine."

Sikuwahi kusikia mtu akilia vile, wala sitaki kusikia tena. Janelle aliinama, mikono magotini, kama aliyepigwa ngumi ya tumbo. Troy alipiga hatua moja kumwendea, naye akainua kiganja bila kuinua kichwa. Troy akasimama hapohapo. Mimi ndiye niliyemshika, na alikuwa mwepesi ajabu ndani ya koti kubwa la baba yake alilokuwa amevaa.

Alipotulia alijifuta uso kwa mkono wa koti.

"Hayo ulipaswa kuniambia siku ile ile," akasema.

"Nilijua utaumia."

"Ni yangu, Troy. Hayo yalikuwa maneno yangu. Umekaa nayo miezi yote hii."

"Pole."

"Sitakusamehe. Nataka ujue hilo. Si kwa sababu ya gari, wala pombe. Kwa hili la mashine." Akavuta pumzi. "Lakini ahsante kwa kumfungia geti."

Wakaingia kazini, maana boti haikuweza kuondoka yenyewe. Rex alikuja kusaidia kuipandisha kwenye trela. Ubavu mmoja ulikuwa umebonyea, na ndani mlikuwa na barafu ya maji ya mvua, Rex akaivunja kwa nyundo na kuitupa vipande vipande. Njia ya kutoka pale kwetu ni nyembamba, mti huku, jiwe huku, na kurudi nyuma na trela ni kazi kwa mtu mwenye mikono miwili mizima. Troy alijaribu mara mbili, trela ikaelekea kwenye jiwe. Janelle akaenda kusimama nyuma, pale dereva anapoweza kumwona kwenye kioo, akaanza kumwelekeza kwa mkono.

"Kushoto. Kushoto tena. Nyoosha. Njoo. Njoo. Simama."

Troy akashusha kioo, akangoja kama kuna neno zaidi. Halikuwapo. Akaondoka taratibu, boti ikigongagonga kwenye trela mpaka alipopinda kona.

Kibanda sasa ni cha mtu na mkewe kutoka Launceston. Wamekipaka rangi ya kijani na wanavua kiangazi tu. Janelle hunipigia simu wakati mwingine, tunaongea habari za hali ya hewa. Troy nilimwona mara moja, dukani Bothwell, anabeba gunia la chakula cha mbwa kwa bega moja. Anaangalia mageti na maji ya kondoo kwenye shamba la mtu, kazi isiyotaka vidole. Nilimwambia trauti wamerudi kwenye mdomo wa kijito, wakubwa kuliko mwaka jana. Akasema ni vizuri, akaniambia nimsalimie Rex, akatoka nje, kwenye mvua.